Maktaba ya Sauti Iwe Mali ya Shule

Tangu zamani elimu iletwayo kwa sauti ilikuwa na kasoro moja kubwa: sauti haimngoji msikilizaji. Vipindi vya shule vilipotangazwa na redio, mwalimu ambaye ratiba yake haikulingana na saa ya matangazo alikikosa kipindi, na darasa lake likakikosa pamoja naye. Intaneti imeiondoa kasoro hiyo, kwani sasa kipindi huweza kusikilizwa saa yoyote. Hata hivyo, imeleta kasoro nyingine iliyofichika zaidi. Kipindi husikika maadamu yule anayekihifadhi anapenda kiendelee kusikika. Kwa hiyo swali linalopaswa kuulizwa shuleni leo si kipindi kitatangazwa saa ngapi, bali kimehifadhiwa kwa nani.

Mlisho na tarishi wake

Vipindi vya sauti vitolewavyo kwa mfululizo katika intaneti huitwa podikasti. Nyuma ya kila podikasti iliyo wazi kwa wote kuna faili ya maandishi iitwayo mlisho. Utaratibu wa kuandika milisho, ujulikanao kwa herufi RSS, ulianzia katika kampuni ya Netscape ya Marekani mwaka 1999. Mwishoni mwa mwaka 2000 Dave Winer aliuongezea kipengele cha kuambatisha faili ya sauti, na mwaka 2004 Adam Curry, aliyepata kuwa mtangazaji wa televisheni, akasaidia kueneza programu za kuzipakua faili hizo zenyewe bila mtu kuzifuata. Ndani ya mlisho kila toleo la kipindi huwa na kichwa chake, tarehe yake, anwani ya faili ya sauti, ukubwa wa faili hiyo kwa baiti, na kwa kawaida kitambulisho chake cha pekee.

Programu ya kupakulia hufanya kazi kama tarishi mwaminifu. Kwa saa iliyopangwa hupitia kila mlisho uliomo katika orodha yake na kuuliza kama umebadilika tangu ziara iliyopita. Ikiwa haujabadilika, seva iliyopangwa vizuri hujibu kwa namba 304 tu, na mazungumzo huishia hapo kwa gharama ndogo sana. Ikiwa umebadilika, programu husoma vitambulisho, huvilinganisha na kumbukumbu zake, kisha hupakua yale matoleo ambayo haijapata kuyachukua. Zipo programu za bure za namna hii. gPodder huwekwa katika kompyuta ya kawaida. Audiobookshelf huwekwa katika seva ya mwenyewe, nayo huwahudumia watu wengi waliounganishwa na mtandao wa jengo moja, hata pale intaneti inapokatika.

Hesabu ya darasa moja

Faida ya utaratibu huu yaweza kupimwa kwa hesabu ambayo kila mwanafunzi anaimudu. Kipindi cha dakika 30 kilichorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde kina kilobiti 115,200, yaani megabaiti 14.4. Wanafunzi 40 wakikisikiliza kila mmoja moja kwa moja kutoka intaneti, watatumia megabaiti 576. Seva ya shule ikikipakua mara moja na kuwagawia, gharama ya intaneti itabaki megabaiti 14.4, yaani sehemu moja ya arobaini. Isitoshe, kazi hiyo huweza kufanywa usiku, wakati ambapo kampuni kadhaa za simu huuza vifurushi kwa bei nafuu. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 64 huweza kuhifadhi zaidi ya vipindi 4,000 vya namna hiyo. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, yatosha kwa kazi yenyewe, nayo hutumia umeme wa wati chache tu.

Mtegemea cha ndugu

Hata kama data ingekuwa ya bure, sababu kubwa zaidi ingebaki palepale. Mwaka 2013 kampuni ya Google iliifunga Google Reader, huduma ya kusomea milisho iliyokuwa ikitegemewa na watu wengi duniani. Stitcher, huduma ya podikasti ya Marekani, ilifungwa mwaka 2023, na Google Podcasts ikafuata mwaka 2024. Wenye huduma hizo hawakuvunja sheria yoyote. Walifunga duka lililokuwa lao. Wale waliokuwa na orodha zao za milisho na nakala za vipindi mikononi mwao waliendelea na kazi. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na mtegemea ghala la kampuni ya mbali hana hata udugu wa kudai.

Aidha, anayeshika orodha ndiye anayeamua nini kitangulie kusikika. Programu za kampuni kubwa hupendekeza kinachovuta wasikilizaji wengi, wala hazijui kwamba Kidato cha Tatu kinasoma umeme wiki hii. Mwalimu anajua.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Wapo watakaosema kwamba seva huhitaji kutunzwa. Ni kweli. Umeme hukatika, kadi huharibika, na diski hujaa. Ndiyo maana nakala ya akiba ni ya lazima, na programu ipangiwe idadi ya matoleo ya kutunza kwa kila mlisho. Lakini utunzaji huo wenyewe ni somo la kompyuta lisilopatikana kwa kukariri.

Pingamizi la hakimiliki ni zito zaidi. Kupakua kwa ajili ya kusikiliza ndiyo kazi ambayo mlisho umewekewa. Kugawa upya nakala ni jambo jingine. Shule ichague vipindi vyenye leseni huru, kama zile za Creative Commons, ama imwandikie mwenye kipindi kuomba idhini. Uhuru wa kuhifadhi usigeuzwe kuwa uhuru wa kupora.

Ipo pia hatari inayotoka upande wa pili: baadhi ya kampuni zimejaribu kuvifungia vipindi ndani ya programu zao pekee, bila mlisho wa wazi. Tarishi hawezi kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mlango. Kwa hiyo walimu na vyuo vinavyotoa mihadhara kwa sauti wana wajibu wa kuitoa kwa mlisho ulio wazi, ili shule yoyote iweze kuihifadhi.

Klabu ya sayansi yenye kompyuta moja ya zamani yaweza kuanza na milisho mitano iliyochaguliwa pamoja na walimu wa masomo. Mwanafunzi mmoja akabidhiwe orodha, mwingine nakala za akiba, na wote wajue jinsi ya kurithishana kazi hiyo mwaka unapokwisha. Akiba haiozi, lakini sharti iwekwe kabla ya duka kufungwa.