Tundu la Hewa

Aliyewahi kunywa rubisi kwa mrija anajua kwamba mrija mpana haumchoshi mnywaji. Kwa hesabu hiyohiyo, wapo wanaotoboa sigara ya kielektroniki ili hewa ipite kwa wingi. Fundi simu wa Bukoba au Muleba akiletewa kifaa hicho, heri ajue kwanza kilichomo. Hon Lik, mfamasia wa China, alikibuni mwaka 2003. Ndani mna betri ya lithiamu, ndugu wa ile ya simu, inayofika volti 4.2 ikijaa, mna koili na pamba iliyolowa kimiminika, mara nyingi chenye nikotini, na mna kihisi kidogo mfano wa maikrofoni. Ukivuta, shinikizo la hewa linashuka, utando wa kihisi unasogea, umeme unapita kwenye koili, na kinachotoka ni mvuke, si moshi. Ukipanua tundu kupita kiasi, shinikizo halishuki vya kutosha na kifaa kinaweza kunyamaza kabisa. Hilo ni dogo. Sindano ikitoboa betri, au nyaya zikigusana, unawaka moto usiozimwa kwa kupuliza, na hapo ndipo roho yangu haitulii. Tena, mbali na hatari hiyo, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula sheria ya Uganda ya 2015 imepiga marufuku kuuza vifaa hivi. Mimi nawapenda mno vijana wanaofungua kitu ili wakielewe. Nawasihi waanze kwa kuitenga betri, kisha wakichunguze kile kihisi, wala kifaa chenyewe wasikivute.