Babu tuliyemwita mtoro

WAHENGA walisema mkataa kwao ni mtumwa. Lakini je, msomaji, waweza kutaja jina la baba yake babu yako? Wengi wetu tuliolelewa mjini hukwama papo hapo.

Mimi nilimjua wa kwetu kwa aibu tu. Tuliambiwa alimtoroka mkewe na mtoto mchanga mgongoni. Hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Baba alipokasirishwa na mmoja wetu, husema: "Umemfuata yule mtoro."

Pasaka iliyopita nilienda mashambani na daftari. Nyanya ana miaka tisini na ushei. Sikumuuliza tarehe, kwani wazee wetu huhesabu miaka kwa njaa, vita na marika. Nilimuuliza mama mkwe wake alikuwa akisimulia nini walipokuwa wakipika.

Alinyamaza kitambo. "Mjukuu wangu, yule hakutoroka. Alichukuliwa na watu wa chifu, akabebeshwa mizigo vita vya Mjerumani. Mama alimngoja hadi akazeeka."

"Mbona hukutuambia, nyanya?"

"Nani aliniuliza?"

Niliporudi Nairobi nilisoma. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, kati ya 1914 na 1918, Waingereza walitumia wapagazi kubebea majeshi yao chakula na risasi hadi nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka wa 1917 wanaume walikusanywa kwa nguvu vijijini. Maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Mtaa wa Kariokor ulipata jina lake kutokana na kikosi hicho, Carrier Corps. Kipande nacho kilianza kutumika baada ya vita. Ndiyo sababu mkebe wa nyanya una kipande cha babu lakini hauna hata karatasi moja ya baba yake.

Nilimweleza baba. Hakusema neno, akatoka nje. Jioni hiyo, alipokuwa akiombea chakula, alimtaja babu yake kwa jina. Nilikuwa sijapata kulisikia kinywani mwake. Mimi nami niliona haya, kwa kuwa kwa miaka mingi nilimhukumu mtu nisiyemjua, kisha nikaenda kanisani kuomba nisihukumiwe.

Ukitaka kuanza, anza na walio hai, tena mapema. Uliza mambo madogo: uliitwa jina la nani, shamba lilikuwa wapi, nani hakurudi. Wakisimulia wawili tofauti, andika yote mawili. Kisha tazama daftari za ubatizo kanisani, ratiba za mazishi zilizohifadhiwa, na vipande vya zamani. Mwisho fika jumba la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi, ukiwa tayari na majina na mahali. Bila hayo utapotea kwenye makaratasi.

Jihadhari lakini. Si kila mtoro husafishwa. Huenda ukagundua kuwa mzee wako alikosea kweli, na hapo ndipo utajifunza kusamehe mtu asiyeweza kukuomba msamaha.

Leo ni Jumapili. Kama nyanya yako bado yuko, mpigie simu kabla ya chajio. Huenda naye anangoja kuulizwa.