Rekodi Haitibu Mgonjwa

Mwaka 2000 watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, walichapisha matokeo ya ajabu. Mpigo mmoja wa leza ya petawati, ulioelekezwa kwenye kipande chembamba cha metali, ulitoa upande wa pili protoni zenye nishati ya hadi MeV 58. Mitambo ya kawaida huhitaji mita kadhaa kuzifikisha hapo. Hizi zilipata kasi yake katika nafasi ndogo isiyoonekana kwa macho.

Protoni zenyewe, ukitaka kucheka, hutoka hasa kwenye uchafu: utando wa maji na mafuta unaong'ang'ania mgongo wa kile kipande hata ndani ya chemba iliyonyonywa hewa. Leza huchemsha elektroni za upande wa mbele. Elektroni hizo hupenya, zikachomoza nyuma na kujikusanya kuwa wingu la chaji hasi. Hapo huzuka uga wa umeme unaofikia volti trilioni moja kwa mita. Protoni, kwa kuwa ndizo nyepesi kuliko ioni zote, hung'olewa mwanzo.

Tangu hapo ni mbio tu. Mwaka 2018 leza ya Vulcan, Uingereza, ilikaribia MeV 100. Mwaka 2024 Dresden, Ujerumani, ikafika 150. Uvimbe wa saratani uliojificha ndani kabisa ya mwili hudai zaidi ya 200, kwa hiyo kila tarakimu mpya hupokewa kana kwamba hospitali imesogea. Haijasogea kiasi hicho. Protoni za leza hutoka na nishati za kila namna, nyingi zikiwa dhaifu, na rekodi huwekwa na chache zilizotangulia. Huko ni kusifu darasa zima kwa alama za mwanafunzi mmoja. Daktari anataka protoni za kutosha, zenye nishati inayojulikana, na dozi ya leo isitofautiane na ya kesho.

Ndiyo maana sisi tunalithamini zaidi jaribio la 2022, la hukohuko Dresden, ambalo halikuvunja rekodi yoyote. Protoni za leza zilikusanywa kwa sumaku, zikaelekezwa kwenye uvimbe mdogo masikioni mwa panya, kwa dozi iliyopangwa na kupimwa.

Waandishi wa toleo hili tuliwapa sharti moja: asitaje nishati ya juu asiyetaja pia idadi ya protoni na uthabiti wa dozi. Nanyi wasomaji, wabaneni hivyohivyo.