Gereza Lisipimwe kwa Vitanda Tu

Magereza ya Uganda yalikusudiwa watu wapatao 20,000; miaka hii yamebeba zaidi ya 70,000. Gereza la Kirinya la Jinja na lile la Maluku la Mbale nayo yamefurika. Kila bajeti ikijadiliwa, jibu ni lile lile: tuongeze mabweni. Sibishi. Watu wanaolala sakafuni ubavu kwa ubavu, akigeuka mmoja wageuke wote, asubuhi hawafundishiki. Ila bweni ni hesabu ya usiku, na mtu hubadilika mchana, darasani na karakanani.

Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka dirisha linalompa mfungwa mwanga wa kutosha kusoma au kufanya kazi. Ni sharti dogo, lakini tundu lililobanwa chini ya paa halilitimizi. Zinataka pia mfungwa awekwe karibu na kwao kadiri inavyowezekana. Hapo ndipo ninapowatilia shaka wanaotaka magereza ya mijini yahamishiwe mbali, viwanja viuzwe. Mama wa Bududa anamudu nauli ya kwenda Mbale. Mpeleke mwanawe upande wa pili wa nchi, hatamwona tena mpaka siku ya kuachiwa.

Isitoshe, karibu nusu ya walio ndani ni mahabusu, bado hawajahukumiwa. Hao wanahitaji kuwa karibu na mahakama, na chumba cha kuzungumza na wakili pasipo askari kusikia. Karakana hawaihitaji sana.

Najua watakaosema: watoto wetu wanabanana madarasani, mwizi ajengewe karakana yenye mwanga? Hoja nzito, wala siipuuzi. Lakini mwizi huyo atarudi mitaani kwetu, Walukuba ya Jinja au Namatala ya Mbale, awe na ufundi au asiwe nao. Wala sisemi tuige gereza la Halden la Norwei, lililofunguliwa mwaka 2010. Fedha za kujenga kama hilo hatuna. Tulicho nacho ni mikono. Idara ya Magereza huwatumia wafungwa katika ujenzi wake; basi kila ukuta mpya uwe darasa la uashi, lenye mwalimu na mtihani, na anayefaulu atoke na cheti kisichotaja gereza.

Kwa hiyo mchoro ukiletwa mezani, kabla ya kuhesabu vitanda, ulizwe wageni watakaa wapi na wakili ataingilia wapi. Ukionyesha mabweni na ukuta tu, urudishwe kwa aliyeuchora.