Fedha za Siku 28

 

Wiki tatu zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja ninayemheshimu alinishika mkono akaniketisha chini ya mwarobaini ulio nje ya msikiti wetu. Mwanawe amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Uingereza, naye alinijia mimi kwa kuwa nilisoma huko nikarudi. Hakutaka nasaha. Alitaka nimkopeshe shilingi milioni tano kwa muda wa mwezi mmoja. "Hazitaguswa, mwanangu," akaniambia. "Zitalala benki siku 28, kisha utazichukua kama zilivyo." Watu wanne wa safu ya kwanza walikwisha mkubalia.

Nilikataa, naye akaondoka amekasirika. Tangu siku hiyo nasikia yanayosemwa barazani: kwamba nina husuda, kwamba nimekwisha vuka mto na sasa nawavunjia wenzangu daraja. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika kurasa hizi.

Kwa wasiojua jambo lenyewe, ni hivi. Serikali ya Uingereza humtaka mwanafunzi wa kigeni aoneshe, kabla ya kupewa viza, kuwa anayo ada ya mwaka wa kwanza ambayo hajailipa, pamoja na fedha za kujikimu za miezi isiyozidi tisa. Fedha hizo lazima ziwe zimekaa katika akaunti yake, au ya wazazi wake, siku 28 mfululizo. Mwaka 2022 nilipoomba mimi, kiwango cha kujikimu nje ya jiji la London kilikuwa pauni 1,023 kwa mwezi. Zidisha mara tisa, utapata pauni 9,207, yaani zaidi ya shilingi milioni 20 za Tanzania kwa wakati ule. Tangu hapo kiwango kimepandishwa mara kadhaa. Makusudio ya sharti hili yako wazi hata kwa mtoto: mgeni asifike nchi ya baridi akakosa chakula na pango la nyumba.

Sisi tumelifanyia nini sharti hili? Tumelifanya mchezo wa kuigiza. Fedha hukusanywa kwa ami, kwa jirani, kwa mwenye duka la jumla, wakati mwingine hata kwa mtu anayedai ziada wakati wa kurejeshewa, na ziada hiyo ni riba tupu isiyohitaji mufti kuitambua. Hulala benki siku 28. Benki hutoa taarifa ya akaunti yenye mhuri. Kisha baba huandika barua na kutia saini kwamba fedha hizi ni zake na kwamba ni za masomo ya mwanawe. Siku ya 29 au baada ya viza kutoka, akaunti hubaki na elfu arobaini.

Nayasema haya kwa kuwa niliyafanya. Wakala wa vyuo aliyetushughulikia, ambaye hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi anayempeleka, ndiye aliyetufundisha njia. Baba yangu, mtu ambaye sijapata kumsikia akisema uongo sokoni wala nyumbani, alitia saini barua ile kwa mkono unaotetemeka, kisha akaniuliza, "Hii ni sawa kweli?" Nilimwambia kila mtu hufanya hivyo. Bado nakumbuka jibu langu kuliko nikumbukavyo mambo mengi niliyosomeshwa darasani.

Nilifika Septemba nikiwa na fedha za wiki sita. Hapa waniruhusu niseme neno na makhatibu wetu, maana kabla ya kuondoka nilisomewa hotuba ndefu juu ya pombe, nguruwe na wanawake wa Kizungu. Waheshimiwa, hakuna aliyenilazimisha kunywa. Chuoni palikuwa na chumba cha kuswalia na mahali pa kutilia udhu. Jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu zipo katika vyuo vya Uingereza na zina shirikisho lao tangu miaka ya 1960, na katika Ramadhani wenzetu wenye asili ya Gujarat na Somalia walinifuturisha bila kuniuliza jina. Nyama ya halali ilipatikana mtaa wa pili. Kwa hakika niliyekuwa namwogopa hakuwa adui yangu.

Adui yangu nilikwenda naye kutoka nyumbani, ndani ya ile taarifa ya akaunti. Viza ya mwanafunzi wa shahada humruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, basi. Saa hizo hazilipi pango, chakula na awamu ya pili ya ada. Kwa hiyo nilizifanya zangu halali katika ghala moja, kisha nikatumia jina na akaunti ya mtu mwingine kusambaza vyakula kwa baiskeli usiku, naye akikata fungu lake. Uongo wa kwanza ukazaa wa pili, wa pili ukazaa wa tatu. Mwezi Desemba katika nchi ile adhuhuri huingia kama saa sita na robo mchana, na jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Swala tatu hubanana ndani ya saa nne, na saa nne hizo mimi nilikuwa ama darasani nikisinzia, ama ghalani mbele ya msimamizi mwenye saa mkononi. Nilikuwa nikizilipa usiku, zikiwa zimerundikana kama madeni mengine. Chuo nacho huwajibika kwa serikali kwa kila mwanafunzi kinayemdhamini. Asiyehudhuria huandikwa, na asiyelipa ada huondolewa na viza yake ikakatizwa. Mwenzangu mmoja wa kutoka pwani hii hii aliondolewa mwezi Machi. Kwao waliambiwa anaendelea vizuri, na kila mwezi wakamtumia orodha ya mahitaji: simu ya mdogo wake, mabati, mchango wa harusi. Alikuwa akituma.

Mimi nilimaliza, alhamdulillahi, kwa alama za chini, na kwa deni lililomchukulia baba yangu kiwanja.

Sasa nizijibu hoja. Wapo wasemao kuwa sheria ile ni ya makafiri, na kuwadanganya si dhambi. Hawa wamsome Hudhayfa bin Al-Yaman (r.a.). Yeye na baba yake walikamatwa na Makuraishi wakiwa njiani kwenda Madina, wakaachiwa kwa ahadi kwamba hawatapigana upande wa Mtume (s.a.w.). Vita vya Badr vilikuwa vinakuja, na Waislamu walikuwa wachache mno, kila mkono ulihitajika. Walipomweleza Mtume (s.a.w.), aliwaamuru watimize ahadi waliyoitoa, na wote wawili hawakupigana Badr. Kisa hiki kimepokewa na Imam Muslim. Ikiwa ahadi kwa washirikina wanaokuja na mapanga hutimizwa, ahadi iliyotiwa saini ubalozini kwa hiari yetu, ili tupewe kitu tunachokitaka, itavunjwa kwa hoja gani?

Wapo wasemao ni dharura. Dharura ni ya anayekufa kwa njaa akaokota nyamafu. Shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara haijapata kumfufua mtu.

Na wapo, hasa wazee wetu, wanaoitaja ile kauli mashuhuri ya kutafuta elimu hata China. Wanazuoni wa hadithi wameikataa zamani. Ibn al-Jawzi ameiingiza katika kitabu chake cha hadithi za kuzushwa. Na hata ingekuwa sahihi, haisemi twende China kwa barua ya uongo.

Nisieleweke vibaya. Sipingi vijana wetu kwenda kusoma kwa Waingereza, Wamarekani au Waaustralia. Nataka waende wengi, waende wakiwa huru. Milango ipo isiyohitaji akaunti ya kukopa. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ina mpango wa ufadhili tangu 1983, uliowekwa pia kwa ajili ya jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama, na Tanzania ni mojawapo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulianza 1959. Ule wa Chevening, 1983, nao hulipa ada, nauli na posho ya kuishi, ila humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Msikiti wetu una kamati ya mazishi, kamati ya harusi na kamati ya maulidi. Ni nani amepata kuketi na kijana mmoja baada ya swala ya Isha akamsaidia kujaza fomu hizi? Ni rahisi zaidi kumkopesha milioni tano za siku 28 na kujiona tumesaidia dini.

Wale wanne wa safu ya kwanza nawaambia hivi: nanyi ni mashahidi wa barua ile, ingawa majina yenu hayamo. Na ikigunduliwa kuwa mwombaji ametumia udanganyifu, anaweza kufungiwa kuingia Uingereza miaka kumi. Kijana huyo ana umri wa miaka 23.

Nilimwendea mzee wangu nyumbani Jumatatu iliyofuata. Nilimpelekea shilingi laki tatu, sadaka, si mkopo, pamoja na karatasi niliyoandika kwa mkono wangu gharama zote za mwaka mmoja, kuanzia pango mpaka koti la baridi. Fedha alizirudisha. Karatasi aliikunja akaitia mfukoni mwa kanzu, na kijana wake akanifuata hadi barabarani kuniuliza fomu za ufadhili hufunguliwa mwezi gani.