Ukiuliza, Subiri Jibu

Siku hizi ni vigumu kufungua tovuti ya benki, chuo au shirika la umma bila kukutana na kidirisha kinachouliza kama mgeni anakubali vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye simu au kompyuta yake ili imkumbuke. Kitufe cha "Kubali" kimepakwa rangi inayowaka. Cha kukataa, kama kipo, kimefichwa nyuma ya neno "Mipangilio". Hilo peke yake ni ujanja wa kukemewa, lakini lipo kosa lililo kubwa zaidi. Katika tovuti zisizo chache, vidakuzi vinavyoombewa ruhusa vimeshawekwa kwenye simu ya mgeni kabla hajagusa chochote. Huko ni kupiga hodi ukiwa umeshakaa sebuleni.

Kulithibitisha hakuhitaji mtaalamu. Mtu afungue tovuti ya taasisi yake katika dirisha la faragha la kivinjari, abonyeze F12, atazame orodha ya vidakuzi kabla ya kujibu swali la kidirisha. Akikuta kilichoandikwa _ga, hicho ni cha Google Analytics: kimempa mgeni namba yake, na mpangilio usipobadilishwa kimepangiwa kudumu miaka 2. Akikuta _fbp, basi Meta nayo imo. Mkurugenzi asiyejua F12 ni nini amwite ofisa wake wa TEHAMA aifanye kazi hiyo mbele yake. Ni ya dakika tano.

Hatusemi kila kidakuzi ni haramu. Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alipovibuni mwaka 1994, shida ilikuwa kwamba tovuti haikuwa na kumbukumbu: kila ukurasa uliofunguliwa, mgeni alihesabiwa mgeni upya. Kidakuzi kinachotunza kikapu cha manunuzi, au kinachomwezesha mteja aliyeingia kwenye akaunti yake asiulizwe nywila kila hatua, kinafanya kazi ambayo mteja mwenyewe ameiomba. Hakuna mwenye ugomvi nacho.

Ugomvi ni juu ya vile vya watu wa nje, vinavyoletwa na vipande vya msimbo vya kampuni za matangazo na za takwimu. Kipande hicho hupeleka kwa mwenyewe anuani ya ukurasa unaosomwa pamoja na namba ya msomaji. Mama anayesoma ukurasa wa hospitali unaohusu kliniki ya virusi vya Ukimwi hajajaza fomu yoyote wala hajataja jina lake, lakini kampuni iliyo ng'ambo imeshajua kwamba simu ile ilifungua ukurasa ule, saa ile. Simu hiyohiyo ikiwa ndiyo anayoitumia kuingia Facebook, jina si kitendawili tena. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha mtandaoni, ikakubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya kudaiwa kupitisha taarifa za afya ya akili za wateja wake kwa Facebook na wenzake kwa ajili ya matangazo. Wateja walikuwa wameahidiwa siri.

Hapa nyumbani Tanzania jibu la wenye tovuti limekuwa jepesi: sheria yetu haitaji vidakuzi. Ni kweli haivitaji, na hilo halimwokoi mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu kuwa taarifa binafsi namba, alama au kitu mahsusi alichopewa mtu cha kumtambulisha. Kidakuzi cha ufuatiliaji ni namba aliyopewa mtu. Hakina kazi nyingine. Sheria hiyohiyo inamtaka mkusanyaji, kabla ya kukusanya, amfahamishe mhusika kusudi la ukusanyaji na watakaozipokea taarifa zake. Neno hapa ni kabla. Ibara ya 16 ya Katiba ilikuwa imeshaweka haki ya faragha muda mrefu kabla ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuzinduliwa na Rais Aprili 2024.

Jirani zetu wa Kenya wametangulia kuonyesha kwamba ridhaa si mapambo. Sheria yao ya mwaka 2019 imemwekea mwenye kukusanya taarifa mzigo wa kuthibitisha kwamba aliipata. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Shule ya Roma shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na ukumbi wa starehe wa Casa Vera 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja asiyeulizwa. Hayo yalihusu picha. Atakayedhani msingi huo hautafika kwenye vidakuzi atazame Ulaya, ambako Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2019, katika shauri la Planet49, kwamba kisanduku kilichotiwa alama mapema na mwenye tovuti hakihesabiwi kuwa ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, ikaitangazia Google faini ya euro milioni 150 na Facebook milioni 60, kwa sababu kukubali kulikuwa kwa bonyezo moja na kukataa kulidai mabonyezo kadhaa.

Sasa tuseme wajibu ni wa nani. Ukiuliza ofisi nyingi, utaelekezwa kwa mkandarasi aliyejenga tovuti, naye atakuelekeza kwa kiolezo alichokipakua. Sheria haimjui mkandarasi huyo kwanza. Inamjua mkusanyaji, yaani taasisi iliyoamua tovuti iwepo na takwimu zichukuliwe. Cheti cha usajili kutoka Tume, hata kikitundikwa ukutani mapokezi, hakizuii kidakuzi kimoja. Kinachovizuia ni mpangilio wa tovuti unaoshikilia vipande vyote vya msimbo wa nje mpaka mgeni aseme ndiyo, na unaoviondoa siku atakapobadili mawazo. Kwa hiyo njia ya kujitoa iwepo chini ya kila ukurasa, kumbukumbu ya ridhaa itunzwe, na kidakuzi kisichojulikana kiliwekwa na nani kwa faida gani king'olewe. Tunathubutu kusema vingi vitang'oka bila ofisi yoyote kuona pengo.

Liko pia la lugha, nalo linatuudhi. Sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili. Chama cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake ni wakulima na mamalishe kinawawekea sera ya faragha ya kurasa kumi na mbili kwa Kiingereza cha mawakili, kisha kinahesabu kubonyeza kwao kuwa kukubali. Wamekubali nini?

Tume ina meno: inaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 100. Tunaitaka ianze na tovuti za .go.tz, kwa kushirikiana na Mamlaka ya Serikali Mtandao, maana Serikali haiwezi kumdai mfanyabiashara kile isichokifanya yenyewe. Ipime kila tovuti kwa njia ileile ya dakika tano, iwape wakuu wa taasisi siku 30 za kurekebisha, na siku ya 31 itangaze majina ya waliokaidi. Baada ya hapo zifuate benki, kampuni za simu, hospitali na vyombo vya habari, hiki chetu kikiwamo.