Malalamiko Tuyatoe Barazani, Tuyafikishe kwenye Bajeti

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa Marikiti na Mji wa Kale,

Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku nilisimama upande wa mboga pale soko la Marikiti nikingoja kupimiwa bamia. Maji meusi yalikuwa yametuama chini ya meza, yamebeba majani ya kabichi na vifuniko vya chupa. Mama muuzaji akashika fagio lake la chelewa akayasukuma, yakaenda kwa jirani yake wa nyanya. Jirani naye akayasukuma hadi kwa muuza ndizi. Mwisho yakaingia kichochoroni, mlangoni pa nyumba ya watu, na ndani nikasikia sauti ikiwalaani watu wa soko. Wote walifagia kwa bidii. Lakini mtaro ulikuwa umeziba, na hakuna mmoja wao awezaye kuuzibua peke yake.

Ndiyo hali yetu. Wakaazi tunasema wachuuzi wanatuletea uchafu. Wachuuzi wanasema taka za majumbani ndizo zinazomwagwa usiku kwenye kona yao. Pande zote mbili zinasema kweli, na hilo ndilo linaloniuma, kwa kuwa kila upande ukishasema kweli yake huenda kulala.

Lawama kama hizo zilitupotosha pia mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, homa ya chikungunya ilipotuingilia hapa Mombasa. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lina maana ya kukunjika, na waliopata homa ile wanajua kwa nini. Mama yangu mkubwa alikuwa akishuka ngazi kwa kukaa, kipandio kimoja kimoja, huku ameshika ukuta. Tulilaumu mitaro. Kumbe mbu wa ugonjwa huo huuma mchana na hupenda kutaga kwenye maji masafi yaliyotulia, na juu ya dari yetu palikuwa na pipa lisilo na kifuniko. Tunaweka maji kwa sababu mfereji hautoki kila siku, kwa hiyo tunanunua mitungi ya mkokoteni na kujaza kila chombo. Basi uhaba wa maji, mapipa yetu na mtaro ulioziba ni shida moja. Ukifunika pipa lako na jirani asifunike lake, mbu hawaoni mpaka.

Msiniambie watu wa hapa hatujui kujipanga. Mtu akifariki alfajiri, kabla ya adhuhuri kaburi limechimbwa, sanda imenunuliwa, viti vimetandazwa na jeneza liko mabegani. Arusi ikitangazwa, masufuria ya pilau hutoka nyumba kumi na kila mtu anajua zamu yake. Nguvu hiyo tunayo. Hatujawahi kuipeleka kwenye bajeti ya kaunti, na huko ndiko pesa za mitaro, maji na uzoaji taka zinakogawanywa.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 43 kinataja maji safi ya kutosha na viwango vinavyofaa vya usafi. Cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Sheria ina tarehe pia: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia Septemba 1, mwelekeo wa matumizi kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayeanza kulalamika mvua za mwaka zikiwa zimeshika kasi Mei amekuta makadirio yameshafika bungeni.

Na wanaodhani wanyonge hawasikizwi, wavuke tu hadi bara, waende Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu ya risasi watu wa kijiji kile, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, ambaye mwanawe mchanga aliathirika, alisimama na wanakijiji. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya uamuzi huo kupinduliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu iliurudisha Desemba 2024. Ni safari ndefu mno kwa mgonjwa. Lakini walianza kwa kukaa pamoja na kuandika.

Kwa hiyo naomba hivi. Kila safu ya meza sokoni, kuanzia mboga hadi viungo, ichague watu wawili, na awepo mwanamke. Kibokoni, Kuze, Baghani na Ndia Kuu nao wachague wawili wawili. Wapite pamoja, muuzaji na mkaazi, wahesabu mitaro iliyoziba, mabomba yaliyokauka na kona zenye taka, waandike mahali na tarehe, wapige picha. Karatasi hiyo iwe ombi letu kwa bunge la kaunti, ifike kwa mwakilishi wetu wa wadi ikiwa na saini za pande zote mbili, na siku ya kikao cha bajeti twende nayo ukumbini tukiwa wengi kama tunavyokwenda mazikoni. Wakati huohuo, kila nyumba ifunike pipa lake, na vijana wampandie mzee asiyeweza kufika darini.

Tuanze Jumamosi hii baada ya alasiri, kwenye lango la soko upande wa Barabara ya Digo. Njooni na kalamu. Mwenye simu nzuri ya kupigia picha aje nayo, na mwenye fagio la chelewa pia.